Shela Iliyotoka Ilembo

Enzi zetu, kwa msichana wa Kawajense, pale Mpanda, sikukuu ilianzia kichwani. Siku kadhaa kabla ya Maulidi nywele zilifumuliwa, zikaoshwa kwa sabuni ya mche, zikapakwa samli iliyonunuliwa kwa Wasukuma wafugaji wa upande wa Litapunga, kisha zikasukwa kwa uzi mweusi mpaka macho yakavutika kama ya mtu anayetazama jua. Kulala ilikuwa kifudifudi, na kugeuza shingo ilibidi ugeuke mwili mzima. Na baada ya mateso yote hayo kichwa kikafunikwa ushungi, mtu asione hata unywele mmoja. Siku moja nilimwuliza mama tunasukwa za nini basi, kama hazionekani. Alinijibu kwamba hata chungu husuguliwa ndani.

Nyie wa rika langu mnakumbuka. Vito vyetu tulivitafuta wenyewe. Ganda la karanga ulilibana kidogo mwishoni, likafunua mdomo, ukaling'atisha kwenye ndewe ya sikio. Hapo una hereni, na ukicheka sana inadondoka, kwa hiyo tulijifunza kucheka kistaarabu. Bangili zilitoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli iliyokufa, ukakatwa pete pete. Waliokaa karibu na stesheni walivaa za waya wa simu, nao walijiona. Hina ilikuwa adimu kwetu, kwa hiyo siku za kujifunza kujipamba tulipaka wino mwekundu wa mwalimu, na Jumatatu tulisimama mstarini mikono nyuma, tukiomba asikague kucha.

Halafu kulikuwa na zile mbegu za kijivu zenye tundu, zilizoota kwenye majaruba ya Ilembo, ngumu na laini kama zimesuguliwa na fundi. Sisi wa madrasa tulizitunga uzi zikawa tasbihi. Watoto wa Kikatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi, walizitunga zikawa rozari. Tuligombea mmea mmoja, tukatukanana hadi mama zetu, halafu jioni tukacheza rede pamoja, kila mmoja na shanga zake shingoni. Aliyepigwa na mpira kifuani aliumia zaidi, awe wa dini gani.

Leo mimi ni mtu mzima mwenye shahada mbili. Nimewahi kuandika kurasa nyingi kuhusu stara na urembo wa wanawake wa Kiislamu wa bara, nikasifiwa na watu wasiowahi kuvaa ushungi. Lakini mtandio wangu mwenyewe hunidondoka kila nikianza kuongea kwa hisia, na wanafunzi wangu wamezoea kunionyesha kwa vidole kwamba uko begani. Ninachokijua kwa hakika juu ya mambo hayo sikukipata chuoni. Nilikipata uani kwetu, mwaka ambao nilipangwa kuongoza zafa ya Maulidi, na nusura nipandishwe treni kwenda kulelewa Tabora.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyekuja Mpanda kwa treni, akafungua duka la chumvi, mafuta ya taa na sabuni, akasahau kurudi. Mama alikuwa Mpimbwe kutoka bonde la mpunga, ambako watu walikuwa Wakatoliki tangu kwa babu zao. Alizaliwa Felista, akasilimu alipoolewa, akawa Fatuma. Ndugu zake wakija na gunia la mchele begani walimwita Feli tangu barabarani. Ndugu za baba walimwita Fatuma. Aliitika yote mawili kwa sauti ileile, na sisi watoto tukadhani kila mama ana majina mawili, moja la kila upande wa ukoo.

Dini alijifunza kwa bidii, na sehemu kubwa alijifunza kwangu. Nikirudi madrasa alinikalisha jikoni nirudie sura niliyopewa, yeye akisonga ugali na kunifuatisha. Nilimkosoa matamshi kwa ukali ule ule wa Ustadhi, bila kiboko tu. Alikosea, akarudia, na mwiko haukusimama. Hadi leo nikisoma sura fupi fupi nasikia harufu ya ugali unaoiva.

Aliyekuwa na wasiwasi na malezi hayo ni Shangazi Tatu. Huyu alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, fundi wa kudarizi kofia kule Tabora, mwanamke mrefu aliyefunga ushungi wake mara moja asubuhi na usisogee hadi usiku. Alinukia udi hata akitoka kuosha vyombo. Alikuwa akija kututembelea kila mwaka, na kila mwaka alimwambia baba neno lile lile: mtoto wa kike alelewe na shangazi yake, akaijue dini kwa watu walioinyonya na maziwa. Mwaka huo alikuja na sanduku la bati lililo tupu. Hapo hata mimi, ambaye nilikuwa bado nacheza mdako, nilielewa limeletwa kubeba nguo za nani.

Baba alikuwa mtu mpole, na upole wake ulimfanya ashindwe kusema ndiyo na ashindwe kusema hapana. Aliomba wasubiri Maulidi yapite. Zena amepangwa kuongoza zafa, alisema. Tumwone atakavyosimama mbele za watu, kisha tutazungumza. Shangazi akakubali. Mama alikuwa nyuma ya pazia akichambua mchele, na nilimwona akichambua sinia lile lile mara ya pili.

Hapo niwaeleze desturi yetu, maana vijana wa leo wanaweza kudhani ilikuwa jambo dogo. Msichana aliyetangulia kwenye zafa, yaani yale maandamano ya dufu na kaswida kutoka madrasa hadi msikitini, alivaa shela nyeupe ya neti juu ya ushungi, iliyoshuka hadi kiunoni. Vitu vingine vyote viliazimwa bila aibu. Bangili zilizunguka nyumba kwa nyumba. Hereni za mke wa hakimu zilikuwa zimevaliwa na nusu ya wasichana wa mji. Lakini shela haikuazimwa kwa majirani. Ilitoka kwenu, na aliyekuvisha alijulikana, kwa sababu wanawake waliopanga mstari njiani waliuliza kwa sauti, "Nani kakuvisha?" nawe ukamtaja. Kama shela imekaa vizuri, jina la mama lilikaa vizuri. Kama imelalia upande mmoja, basi alisemwa mwaka mzima.

Neti sasa itoke wapi? Miaka ile maduka yalikuwa na rafu ndefu na bidhaa fupi. Baba aliuliza hata kwa wenye mabehewa, hakupata. Mama akajifunga kanga, akaenda Ilembo kwa mdogo wake, Mama mdogo Skola.

Mama mdogo Skola, jina lake kamili Skolastika, alikuwa mke wa mkulima wa mahindi na alikuwa na cherehani ya mkono. Kazi yake iliyojulikana mji mzima ilikuwa kushona magauni na shela za watoto wa komunyo ya kwanza. Kila msimu wa komunyo nyumba yake ilijaa weupe kama imeangukiwa na mawingu. Yeye alikuwa na neti. Tena alikuwa na shela iliyokwisha kushonwa, ya mtoto ambaye familia yake ilihamia Sumbawanga kabla ya siku yake. Akaitoa bila kuuliza ni ya nini, na alipoambiwa akaongeza na utepe.

Mama akarudi nayo chini ya kanga kama mtu aliyeiba kuku. Aliifua kwa bluu ili iwe nyeupe zaidi ya nyeupe. Hakuianika nje, maana vumbi la Kawajense wakati wa kiangazi linajua kuchagua nguo. Aliitandaza ndani, juu ya kamba, chumbani kwenye kagiza. Akaipiga pasi ya mkaa kupitia kitambaa chenye unyevu, akaikunja, akaitia ndani ya foronya, foronya akaiweka chini ya godoro. Kila siku aliitoa kidogo kuitazama, akairudisha. Sijawahi kuona kitu kikitazamwa sana namna ile na kisionekane.

Siku ya Maulidi ilifika na harufu zake. Mchele wa Mpimbwe ulikuwa umelowekwa tangu alfajiri. Viungo vya pilau vilikuwa vikitwangwa nyumba hii, ukapiga chafya nyumba ya tatu. Kalimati zetu hatukuchovya kwenye sukari, sukari ingetoka wapi. Tulichovya kwenye asali ya porini, nyeusi, yenye ladha ya moshi, na nyuki walikuja kudai mali yao. Shangazi alikuwa amenipaka hina ya kweli aliyokuja nayo, viganja vyangu vimekuwa rangi ya matofali ya kuchoma. Baada ya sala ya adhuhuri akanitia wanja, akanionya kwamba nikilia utashuka mashavuni na nitafanana na punda milia wa mbugani. Akanifukiza udi, nimesimama juu ya chetezo, gauni limevimba moshi. Mama akaleta foronya. Akanifunga ushungi, akaubana kwa pini pande zote mbili, akaitandaza shela juu yake. Halafu Shangazi akanishika mkono akanitoa uani, kwenye mwanga, anione vizuri.

Jua la alasiri lilipita ndani ya neti. Shangazi alikuwa mtu aliyeishi kwa kuhesabu mishono, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwenye pindo. Akalishika kwa vidole viwili, akalisogeza karibu na uso wake. Kisha akaligeuza upande wa pili, na nikajua kuna kitu kimekufa.

Akaita kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaojua kwamba uzio wa jirani ni wa matete.

"Wifi, njoo uone hapa."

Mama akaja akijifuta mikono.

"Hii nini?"

"Si pindo."

"Pindo la nini, Fatuma? Tazama."

Mama akainama. Kuzunguka shela yote, uzi mweupe juu ya neti nyeupe, kila mmoja ukubwa wa punje ya mtama, kulikuwa na misalaba. Mingi, imeshonwa kwa ustadi, imepangana kama askari wa gwaride.

"Sikuiona," mama alisema. "Wallahi, wifi, nimefua, nimepiga pasi, nimeitazama kila siku. Sikuiona."

Nilimwamini siku ile na nimezidi kumwamini kadiri ninavyozeeka. Mama alikulia kwenye nyumba ambamo kila kitambaa cheupe chenye heshima kilikuwa na pindo hilo: cha meza, cha altare, cha jeneza, cha mtoto wa ubatizo. Kwake hiyo misalaba ilikuwa namna weupe unavyoishia tu. Nani anaiona pua yake mwenyewe?

Shangazi hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka, maana mama alizijua kelele na namna ya kuzisubiri zipite. Alisema polepole, na nadhani kwa huruma, "Ndilo ninalosema miaka yote, wifi. Sikulaumu. Mtu haoni asichofundishwa kukiona. Sasa huyu mtoto atafundishwa na nani?"

Mama alinitoa shela kichwani. Aliikunja mara mbili, akaikumbatia kifuani.

"Basi mchukue," alisema. "Sanduku lipo. Ila nakuomba jambo moja, usije ukamwambia huko kwamba nilifanya makusudi."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, viganja vimeinuliwa juu ili hina isichafue gauni, na machozi yananijia. Nikakumbuka wanja. Nikainua uso kuelekea mbinguni ili yasidondoke, nikalia hivyo, kama kuku anayekunywa maji. Wanawake wawili wanagawana maisha yangu, na mimi nawaza punda milia.

Hapo ndipo Mama mdogo Skola alipoingia uani, beseni la kalimati kichwani, amekuja kusaidia pilau. Alitutazama mmoja mmoja.

"Feli, kuna msiba?"

Mama akamwonyesha pindo. Skola akatua beseni, akalitazama kama fundi anayekumbushwa kazi yake, akaanza hata kutabasamu kabla hajaelewa. Kisha akaelewa. Akakaa chini kwenye kigoda.

"Mimi zote nashona hivi," alisema. "Kwangu shela isiyo na hizo ni chandarua." Akamgeukia Shangazi. "Dada, kosa ni langu. Leteni wembe nifumue."

Shangazi alikwisha kulifikiria hilo. Alisema neti hiyo ni nyepesi na mishono imekaza. Ukifumua utabaki na matundu, mtoto atatembea mbele ya zafa kama amevaa wavu wa dagaa. Na muda wenyewe haukuwepo. Upande wa madrasa vijana walikuwa wanapasha dufu moto ili ngozi zikaze, na kila mara mmoja alilijaribu lake, du, kisha kimya, kisha du tena, limepanda kidogo.

Shangazi akaichukua shela kutoka kifuani kwa mama. Akakaa mkekani, akalitandaza pindo juu ya goti, akalikodolea macho muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko mahubiri ya Ijumaa. Akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa sindano na uzi wa kofia, ule wa njano inayong'aa kama dhahabu. Akapitisha mshono mmoja wa kimshazari juu ya msalaba wa kwanza. Akapitisha mwingine, kimshazari upande wa pili. Akaukata uzi kwa meno.

"Zilikuwa nyota," alisema. "Hazijamalizwa tu."

Tukainama wote. Kweli, ilikuwa nyota, yenye miguu minane, minne myeupe na minne ya dhahabu.

Mama akamtazama mdogo wake, si nyota. Mimi pia. Hata mtoto alijua kwamba swali sasa lilikuwa la Skola. Akalishika pindo, akaisugua ile nyota kwa kidole gumba.

"Umeongeza miguu," alisema.

"Nimeongeza. Inakuuma?"

Skola akafikiri. "Hii misalaba niliishona nikisali, dada. Ungefumua, sawa, ningekuruhusu, lakini ingeniuma. Wewe hujafumua." Akanyoosha mkono. "Nipe sindano nyingine. Pindo ni refu na wewe unashona kama mtu anayesubiri chai."

Wakaanza, mmoja huku, mwingine kule. Mama alibaki amesimama, mikono imeninginia, kama mgeni kwenye uwanja wake mwenyewe. Shangazi akasema bila kuinua kichwa, "Fatuma, kaa hapa kati ushike neti isivutike." Mama akakaa. Shela ikatandazwa juu ya mapaja yake, akaishika ikaze, na wale wawili wakawa wanamsogelea, nyota kwa nyota, kutoka kulia na kutoka kushoto. Skola akasema za Shangazi zimepinda kama mlevi wa pombe ya asali. Shangazi akajibu kwamba za Skola zinafanana na kunguni aliyekanyagwa, ila kunguni wa kizungu. Mama akacheka, kisha akafuta macho kwa bega kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Pilau likaungua chini. Hakuna aliyelijali, na ninyi mnaoujua ukoko wa pilau mnajua kwamba halikupotea.

Nilifika madrasa nimechelewa. Ustadhi alinikunjia uso, akanisukuma mbele ya mstari, na dufu zikaanza. Ningependa kuwaambia niliongoza kama malaika. Niliongoza kama mimi. Ubeti wa tatu ulinitoka kabisa, nikaurudia wa pili kwa ujasiri, na wenzangu wakanifuata kwa woga. Sauti yangu, iliyokwisha kulia, ilikwaruza kama bawaba. Lakini jua lilikuwa limeshuka, linatupiga usawa wa macho, na kila nilipopiga hatua pindo la shela liliwaka na kuzimika, likawaka na kuzimika. Nilisikia wanawake mstarini wakinong'ona, wananong'ona kwa namna nzuri.

Karibu na msikiti mmoja wao, mama mzito mwenye sauti, akauliza lile swali. Nani kakuvisha? Nikafungua mdomo. Sikujua niseme nini. Wote watatu walikuwa kichwani mwangu. Kabla sijasema, sauti ya Shangazi Tatu ikatoka nyuma yangu, kavu, ya mtu ambaye haulizwi mara mbili.

"Mama yake. Nani mwingine?"

Na yule mama alipodadisi hizo nyota, Shangazi akamwambia ndio mtindo wa Tabora siku hizi, anashangaa kwamba Mpanda haujafika.

Mwaka uliofuata wasichana walitaka shela za nyota, na mama zao wakaenda kwa fundi wa pekee aliyeziweza, Mama mdogo Skola wa Ilembo. Alizishona miaka mingi. Kuna jambo ambalo hakuwahi kuwaambia, na mimi nilimwona kwa macho yangu nikiwa nimekaa miguuni pake: mkono wake haukuweza kuanza nyota kwa njia nyingine. Alianza kwa msalaba mweupe, akamaliza kwa dhahabu. Shela za komunyo aliziacha nusu ya njia.

Shangazi aliondoka wiki ile. Asubuhi ya safari nilimkuta chumbani amepiga magoti mbele ya sanduku la bati, anazitoa nguo zangu, zilizokwisha kupangwa humo, moja moja na kuzirudisha kwenye kamba tulikozitundika. Aliponiona aliniambia nilikosea ubeti wa tatu. Mama alipoingia, akasema, "Wifi, mtoto akae. Likizo nitumie." Mama akaenda jikoni akasonga ugali, saa nne asubuhi, saa ambayo hakuna mtu anayekula ugali, na sote tukala.

Yote hayo ni ya zamani, na wakubwa waliomo wametangulia mbele ya haki, isipokuwa mama. Idi iliyopita tulikwenda kwake Kawajense, mimi na binti yangu Rehema. Rehema ana kofia ya ndani ya kuzuia nywele, ana pini za sumaku zisizotoboa kitambaa, ana mitandio ya rangi ambazo enzi zetu hazikuwa na majina. Alijifungia chumbani na simu, akifuatisha video ya msichana wa nchi ya mbali anayefunga mtandio kwa hatua nyingi kuliko za kupika pilau. Alitoka amependeza, siwezi kudanganya. Kila mkunjo umekaa pale ulipoambiwa ukae. Kulikuwa na ncha moja imechomoza nyuma ya sikio. Nikanyoosha mkono.

"Mama, usishike," alisema kwa adabu zote. "Utaniharibia."

Nikaurudisha mkono. Ana haki. Mtandio wangu mimi wakati huo ulikuwa begani.

Lakini nilisikia upweke kidogo, na sikuwa na wa kumwambia isipokuwa nyie. Enzi zetu hakuna msichana aliyejivisha. Nyumba yetu haikuwa na kioo isipokuwa kile cha baba cha kunyolea ndevu, ambacho kilionyesha shavu moja kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua umependeza ulitazama uso wa aliyekuvisha. Ukikunjamana, ulijua ushungi umelalia upande. Ukilegea, ulijua unaweza kutoka. Watoto wetu wanajiona vizuri kuliko tulivyojiona sisi, mbele, nyuma, na wakiwa wanatembea. Sijui wanamtazama nani.

Nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtandio mweupe mapajani, anasubiri. Mikono yake siku hizi haizitii pini. Nikapiga magoti, goti likalia, nikamfunga. Kichwa hicho nakijua. Najua kovu lililo juu ya sikio la kushoto, najua kwamba upande wa kulia kitambaa huteleza na hutaka pini ya pili, najua hapendi kubanwa sana chini ya kidevu. Kama lile sanduku lingepanda treni, huenda ningejua tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani, vizuri na kudarizi kofia, na Mungu angenipokea hivyo hivyo. Kichwa hiki ningekifunga kama mgeni.

Nilipomaliza nikarudi nyuma kidogo. Mama akainua uso, akanikazia macho yake yenye ukungu, ananisoma.

Rehema alikuwa mlangoni. "Bibi, geuka huku nikupige picha," alisema.

"Ngoja," mama alimwambia, bila kugeuka. "Mama yako hajamaliza kunitazama."